Shamba la shule si adhabu: Shule ya leo ijifunze nini kutoka elimu ya jadi?

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, malalamiko ya aina mbili husikika vijijini.

Wazazi na wazee husema: mtoto amekaa shuleni miaka saba, hakuchaguliwa kuendelea, amerudi nyumbani hajui kupanda kwa mstari wala kukamua ng'ombe, na kazi ya kijijini anaiona aibu. Walimu nao husema: mzazi anamtoa mtoto darasani wakati wa kupalilia, wakati wa jando na siku ya mnada, halafu mtoto akifeli analaumu shule.

Pande zote mbili zina hoja. Anayeumia ni mtoto, kwa sababu kila siku anatembea kati ya shule mbili ambazo hazisemezani: ile ya ubao na chaki, na ile ya nyumbani kwa babu na bibi. Katika makala haya tunaeleza ile shule ya pili ilikuwaje, ilifundisha kwa njia gani, ni mara ngapi imejaribiwa kuingizwa kwenye shule ya kisasa hapa Tanzania, kwa nini majaribio hayo yalikwama, na kijiji chako kinaweza kufanya nini sasa.

Makala ni marefu kidogo. Unaweza kuyasoma sehemu kwa sehemu.

Jibu kwa ufupi

- Elimu ya jadi ilimfundisha mtoto kwa kumpa kazi ya kweli, karibu na mtu anayeijua kazi hiyo, mpaka aiweze.
- Shule inaweza kuchukua namna hiyo ya kufundisha bila kupunguza kusoma, kuandika na hesabu.
- Mambo mengine ya jadi hayafai kurudi: ukeketaji, kuozesha watoto, vitisho, na kumzuia mtoto kuuliza.
- Kazi isiyo na fundisho ndani yake si elimu. Hiyo ni kumtumikisha mtoto, iwe shuleni au nyumbani.

Elimu ya jadi ni nini?

Tunaposema elimu ya jadi tunamaanisha mafunzo ambayo jamii zetu ziliwapa watoto na vijana kabla ya shule za wamisionari na za serikali za kikoloni, na ambayo kwa sehemu yanaendelea mpaka leo.

Elimu hiyo ilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni ile ya kila siku: mtoto anamfuata mama kisimani, anamfuata baba au mjomba machungani, anakaa na bibi jioni akisikiliza hadithi. Haikuwa na kengele wala daftari. Ya pili ni ile ya wakati maalum, kama jando na unyago, yenye mahali pake, walimu wake na masharti yake.

Walimu walikuwa wengi. Mama alifundisha, shangazi alifundisha, na jirani alikuwa na haki ya kumkanya mtoto aliyemkuta anaharibu. Kazi zenye ufundi mkubwa, kama uhunzi, ufinyanzi, ujenzi wa mitumbwi na tiba ya miti shamba, zilifundishwa na mafundi wenyewe, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja.

Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya, aliandika mwaka 1938 kitabu kuhusu maisha ya Wakikuyu, *Facing Mount Kenya*, na ndani yake akaeleza jinsi watoto walivyofundishwa. Mtoto mdogo alipewa kipande chake cha shamba na kijiti cha kulimia. Mvulana alifundishwa kuwatambua mifugo wa nyumbani kwao kwa rangi, ukubwa na pembe. Ili kumpima, mifugo wa familia mbili au tatu walichanganywa, kisha akaambiwa awatenge wa kwao.

Huo ulikuwa mtihani. Hauna karatasi, lakini hauna pa kudanganyia. Ukimwacha mbuzi wenu kwa jirani, jioni nyumbani itajulikana.

Mafunzo yalivyokuwa: mifano mitatu

*Ngoro za Wamatengo.* Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali ambako mvua ingeweza kubeba udongo wote hadi bondeni. Wao wana kilimo cha ngoro. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kama vyumba vya daftari la hesabu. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kufunika yale majani. Linabaki shimo katikati, na tuta pande zote nne. Juu ya matuta hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni badala ya kutelemka kwa nguvu, na majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea.

Tazama mambo yaliyomo: mteremko, mwendo wa maji, mbolea, mzunguko wa mazao na vipimo. Shuleni mambo hayo yamegawanywa katika Sayansi, Jiografia na Hisabati. Shambani mtoto wa Kimatengo aliyapata kwa pamoja, akiwa nyuma ya wazazi wake, kwanza akisogeza majani, halafu akishika jembe. Akikosea tuta, mvua ya kwanza ilimwonyesha kosa lake.

*Chuma cha Kagera.* Karibu miaka 2,000 iliyopita, wakazi wa eneo ambalo leo ni mkoa wa Kagera walikuwa wakiyeyusha mawe na kupata chuma. Kazi hiyo iliendelea kwa vizazi vingi mpaka chuma cha kununuliwa kilipoiua. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameiona au kuifanya kazi hiyo ujanani, waijenge tena tanuri. Wazee walijenga kwa udongo wa kichuguu, wakaandaa mkaa na matete, wakashika mivuo. Haikuwa rahisi, kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita. Ilibidi wakumbuke kwa kujaribu. Mwishowe chuma kilipatikana.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. La kwanza, elimu ya wazee wetu ilikuwa na sayansi ndani yake. La pili linauma zaidi: elimu ile ilikuwa imebaki kwenye vichwa vya wazee wachache. Wangeulizwa miaka ishirini baadaye, huenda asingepatikana hata mmoja wa kuonyesha.

*Bao na vitendawili.* Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mchezaji mzuri anahesabu kete zake zitaishia shimo lipi kabla hajazigusa, na anakisia mwenzake atajibu nini. Hiyo ni hesabu ya kichwa na kufikiri hatua kadhaa mbele. Vitendawili navyo humfunza mtoto kuangalia kitu kwa makini. Ukimtegea "nyumba yangu haina mlango", hawezi kufika kwenye yai mpaka alifikirie yai kwa namna mpya. Na mtoto aliyezoea kutega na kutegua mbele ya watu haogopi kusimama na kusema.

Jando na unyago: shule zenye muda wake

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, na pia katika sehemu nyingi za Pwani, Morogoro na visiwani, jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana ndizo shule za jadi zinazojulikana zaidi. Mwanafunzi huitwa mwali. Mwalimu ni kungwi au somo. Ngariba ndiye anayetahiri.

Watu wengi wa nje wanaona ngoma tu. Ndani yake kuna masomo: usafi wa mwili, heshima kwa wakubwa, namna ya kuishi na mke au mume, uvumilivu, wajibu wa mtu mzima. Mafundisho huwekwa kwenye nyimbo na mafumbo ili yakae kichwani. Kwa upande wa Kilimanjaro, Wachaga walikuwa na fimbo ya mafundisho yenye alama zilizochongwa, na kila alama ilibeba somo lake. Kwa lugha ya leo tungesema ule ulikuwa mtaala, umechongwa kwenye mti.

Waliopita jando pamoja waliitana wa rika moja. Urafiki huo ulidumu maisha yote: ukijenga, wanakuja; ukifiwa, wanakuja. Kwa Wamasai rika bado ni nguzo ya jamii mpaka leo.

Tutarudi baadaye kwenye madhara ya baadhi ya mila hizi, maana yapo, na hatutayaficha.

Majaribio mawili, na kwa nini yalikwama

Wazo la kuingiza elimu ya jadi shuleni si jipya. Limejaribiwa hapa nchini zaidi ya mara moja.

Jaribio la kwanza ni la wakati wa Waingereza. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembelea Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika shule ya Malangali huko Iringa, mwalimu mkuu Mwingereza, W. B. Mumford, alijaribu kujenga shule juu ya mila za wenyeji. Wanafunzi walivaa kijadi, na wazee waliletwa kufundisha historia na desturi.

Jaribio hilo halikudumu. Sababu moja iko wazi kwa mzazi yeyote: Waafrika wengi wa wakati ule walihisi kwamba elimu ya namna hiyo ingewabakiza chini. Mtoto wa Mzungu alifundishwa kuwa daktari na mwanasheria. Kwa nini mtoto wetu afundishwe yale tunayoweza kumfundisha wenyewe nyumbani? Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Nayo bado ipo. Leo ukimwambia mzazi kwamba shule itafundisha kilimo, anaweza kukuuliza kama mtoto wako wewe pia anafundishwa kilimo.

Jaribio la pili ni letu wenyewe. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alieleza kwamba kutokuwa na majengo ya shule kabla ya ukoloni hakukuwa na maana ya kukosa elimu: watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Aliona kwamba shule iliyorithiwa ilikuwa inamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani maarifa yako vitabuni peke yake. Wakati huo waliopata nafasi ya sekondari walikuwa wachache sana. Waliobaki, ambao ndio wengi, walihesabiwa kuwa wameshindwa.

Mwalimu alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga, kuamua na kuona faida ya jasho lao. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichosahaulika katika shule nyingi. Shamba likawa la mwalimu kuamuru na mwanafunzi kutii. Mazao yakauzwa bila wanafunzi kuambiwa yameleta kiasi gani. Jembe likageuka adhabu: ukichelewa, ukalime; ukipiga kelele, ukalime.

Wengi wetu tuliopita shule hizo tunakumbuka. Tulilima, lakini hakuna aliyetueleza kwa nini mahindi ya upande ule yamekuwa ya njano, wala aliyetuuliza tungefanya nini. Mtoto aliyelima kama adhabu kwa miaka saba anatoka shuleni akiamini kwamba kilimo ni cha walioshindwa. Tukimlaumu kwa kuchukia jembe, tukumbuke ni nani aliyemfundisha kulichukia.

Kwa hiyo majaribio haya mawili yanatuonya pande mbili. La Malangali linatuonya tusichukue mavazi na ngoma huku tukimnyima mtoto elimu inayomfungulia milango. La shamba la shule linatuonya tusichukue nguvu za mtoto tukasahau kumfundisha.

Mambo matano ya kuchukua

*1. Kazi yenye mwenyewe.* Katika elimu ya jadi, alichofanya mtoto kilihitajika. Mbuzi asipochungwa anapotea. Mtungi ukivuja hakuna maji. Shuleni kazi nyingi huishia kwenye daftari, husahihishwa, na hakuna anayezihitaji tena. Mwanafunzi akipima kiwanja cha jirani kwa kweli, au akiandika barua ambayo kijiji kitaituma kweli, atajitahidi zaidi.

*2. Kukaa karibu na anayejua.* Fundi seremala hakumpa mwanafunzi wake maelezo marefu. Alimpa msasa kwanza, kisha randa, kisha kiti kizima, na alikuwa pale kumsahihisha. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hawezi kufanya hivyo peke yake. Lakini kijijini kuna watu wanaojua mambo ambayo mwalimu hayajui, na hajawahi kuja mtu wa shule kuwaomba.

*3. Kurudia mpaka aweze.* Msichana aliyesuka mkeka ukaenda upande aliufumua na kuanza upya. Hakupewa alama 30 kwa 100 na kuhamishiwa somo jingine. Shuleni mtoto asiyejua kugawanya anavushwa hadi sehemu na asilimia, na shimo lake linaongezeka kila mwaka. Tusifiche pia kwamba zamani aliyechelewa kuelewa mara nyingi alichekwa na hata kupigwa. Tuchukue uvumilivu wa kurudia, tuache dhihaka.

*4. Lugha na mazungumzo.* Hadithi, vitendawili na methali vilimpa mtoto ulimi. Alisikiliza, akajibu, akatega chake. Darasa ambalo wanafunzi wanaitikia tu "ndiyo mwalimu" linapoteza kitu ambacho bibi alikuwa nacho bila chuo cha ualimu. Dakika kumi za vitendawili asubuhi haziombi bajeti.

*5. Wajibu kwa wenzako.* Katika milima ya Upare na Usambaa, kazi ya pamoja huitwa msaragambo. Kule Uchagani, mifereji iliyoleta maji kutoka mlimani ilisafishwa kwa pamoja, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Mtoto alijifunza kwamba ukiiba zamu ya maji umemwibia jirani. Shule inayopanga wanafunzi kwa nafasi tu, wa kwanza hadi wa mwisho, inafundisha kinyume: mwenzako akishindwa wewe umepanda.

Yasiyofaa kurudi

Kuna wanaosema mila zote zirudi kama zilivyokuwa. Hatukubaliani nao.

Ukeketaji wa wasichana uliitwa elimu na heshima. Ni madhara makubwa kwa mwili: kutokwa damu nyingi, maambukizi, taabu wakati wa kujifungua, na hata kifo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 imeufanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hakuna somo la heshima linalohitaji kisu.

Unyago wakati mwingine ulifuatwa haraka na ndoa. Msichana wa miaka 12 au 13 aliyetoka kuchezwa akahesabiwa mtu mzima, na masomo yake yakaishia hapo. Kuna makungwi leo wanaofundisha usafi, hedhi na kujilinda, na kumweleza mwali kwamba bado ni mtoto na mwanafunzi. Huo ni mfano wa mila inayokua.

Tohara ya wavulana jandoni kwa kisu kimoja kwa wote imeleta vidonda na inaweza kuambukiza magonjwa, ukiwemo virusi vya UKIMWI. Familia nyingi sasa zinawapeleka watoto kituo cha afya, kisha mafundisho ya wazee yanafuata. Somo limebaki, hatari imepungua.

Elimu ya jadi pia iligawa maarifa kwa jinsia na ukoo. Msichana mwenye kipaji cha uhunzi hakukaribishwa kwenye mivuo. Na mara nyingi mtoto hakuruhusiwa kuuliza "kwa nini". Hapo shule imeleta jambo jema: mtoto yeyote, wa ukoo wowote, anaweza kufungua kitabu. Elimu iliyoandikwa haizikwi na mzee.

Mtaala mpya unatoa nafasi gani?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa na unaendelea hatua kwa hatua. Sekondari sasa ina mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi za mikono pamoja na masomo mengine.

Nafasi ipo. Lakini tumeona kwamba hata andiko zuri la 1967 lilipotea lilipofika shambani. Mafanikio yatategemea kinachotendeka kwenye shule ya kijiji chako.

Kijiji kifanye nini?

Haya ni mambo ambayo kamati ya shule, walimu na wazazi wanaweza kuanza bila kusubiri fedha za mradi.

*Andikeni majina ya wanaojua.* Katika mkutano wa wazazi, orodhesheni watu wa kijiji wenye ujuzi: mfugaji, fundi baiskeli, mfinyanzi, msusi wa mikeka, mfuga nyuki, mzee anayejua historia ya kijiji. Kila mwezi aalikwe mmoja, kwa saa moja, mwalimu wa darasa akiwepo muda wote. Asiachwe mtu mzima peke yake na watoto. Mwalimu na mgeni wapange kabla somo litahusu nini.

*Lifanyeni shamba kuwa darasa.* Mfano wa Darasa la Tano: pimeni kipande cha mita 10 kwa mita 10. Mkipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mtapata kama mistari 13, kila mstari mashimo 33. Wanafunzi wazidishe wenyewe: ni mashimo 429. Baada ya wiki mbili wahesabu yaliyoota. Yakiwa 390, ni asilimia ngapi? Ni kama 91. Yale 39 yamekwenda wapi? Hapo somo la wadudu, mbegu na unyevu linaanza, na kila mtoto anataka kujua jibu.

*Jembe lisiwe adhabu tena.* Kamati ikubaliane na walimu wazi. Na mazao yakiuzwa, hesabu ibandikwe ubaoni: yameuzwa kiasi gani, yametumika kwa nini. Wanafunzi wa madarasa ya juu waiandike wenyewe. Watajifunza hesabu na uaminifu siku moja.

*Pangeni kalenda pamoja.* Jando na unyago vifanyike wakati wa likizo, na visile siku za masomo. Walimu nao wasipange mitihani ya majaribio bila kujua msimu wa kijiji.

*Rekodini wazee.* Simu yako inayosoma makala haya inaweza pia kurekodi sauti. Mwombe bibi au babu ruhusa, muulize jambo moja: mbegu za zamani zilihifadhiwaje, kijiji kilipataje jina. Akisema jambo fulani ni siri, liheshimu. Wanafunzi waandike walichosikia. Hapo wamefanya somo la Kiswahili na la Historia, na kijiji kimepata kumbukumbu.

*Jiulizeni swali moja.* Kabla ya kumpa mtoto kazi yoyote, nyumbani au shuleni: je, kazi hii inampa jambo jipya la kujua, au inatupa sisi nguvu zake tu? Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi. Mtoto kukosa shule ili achunge kutwa, au kubeba dawa za kunyunyizia mimea, ni madhara.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi chenu

1. Ni ujuzi gani katika kijiji chetu umebaki kwa mzee mmoja au wawili tu?
2. Shamba la shule yetu linafundisha nini? Nani anajua mapato yake?
3. Ni mila gani ya malezi tunayoipenda ambayo inahitaji kusafishwa kabla ya kuwapa watoto wetu?
4. Mara ya mwisho mzazi alikaribishwa darasani kufundisha, na si kuitwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu wa mtoto, ilikuwa lini?

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Leo mama, kungwi na mwalimu wanamfunza mtoto yuleyule, kila mmoja kwa wakati wake. Wakikaa meza moja hata mara moja kwa muhula, mtoto hatalazimika kuchagua kati yao.